Cherehani ndiyo inayolinda kitanda

Kenya ina sheria mbili za kumkinga mpangaji asitolewe ovyo. Ya kwanza ni Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959, nayo ni ya nyumba za kuishi. Ya pili ni Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji, Sura ya 301, ya mwaka 1965, nayo ni ya maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Kila moja ina baraza lake, fomu zake na sababu zake za kumtoa mtu. Hakuna iliyotungwa kwa ajili ya yule anayelala nyuma ya duka lake mwenyewe, na huyo si mtu adimu. Pita Kayole, Kawangware, Kisauni au Kondele usiku biashara zinapofungwa, utasikia milango ya chuma ikikomelewa kwa ndani. Kinyozi, mwenye saluni, fundi wa simu, mama anayelea watoto wa majirani mchana: hawaendi popote. Wamekwisha fika nyumbani.

Wapangaji wengi wa aina hii huona usalama wao uko katika kuificha biashara. Bango halitundikwi, leseni ya kaunti haikatwi, na mwenye nyumba akipita cherehani hufunikwa shuka. Mimi nasema wanajiumiza. Kwa sheria ilivyo leo Kenya, biashara ndiyo inayoilinda nyumba, na anayeificha anaitupa silaha yake pekee.

Tuanze na sheria ya makazi, maana haitatuchukua muda. Sura ya 296 inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya msingi yenyewe inapimwa kwa kiasi kilichokuwa kikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Zamani kiwango hicho kilifunika sehemu kubwa ya mji. Siku hizi hata chumba kimoja cha kawaida katika mitaa mingi ya Nairobi kinalipiwa zaidi ya hapo. Mwalimu anayelipa shilingi 9,000 kwa chumba na choo cha ndani hayumo tena katika sheria hiyo, na kama hana mkataba wa maandishi anaangukia kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Huko hali ni kavu: upangaji usio na muda uliotajwa huhesabiwa kufuata kipindi cha kulipa kodi, na notisi ya kuuvunja ni ya kipindi hicho hicho. Kodi ikilipwa kwa mwezi, notisi ni mwezi. Sababu haihitajiki. Mwenye nyumba anaweza kuwa amechoshwa tu na sura ya mwalimu.

Mlango wa pili yuko fundi cherehani, kodi ni ile ile 9,000, na naye hana mkataba wa maandishi. Sura ya 301 haina kikomo cha kodi. Inalinda upangaji wa duka wowote usioandikwa, na hata ulioandikwa ikiwa ni wa muda usiozidi miaka mitano au una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano bila mpangaji kukosea masharti. Neno duka katika sheria hii ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Ni mahali panapotumika kwa ukamilifu au kwa sehemu kubwa kwa biashara ya rejareja au jumla, au kwa kutoa huduma kwa fedha au kitu chenye thamani ya fedha. Fundi cherehani yumo. Kinyozi yumo. Anayelea watoto kwa malipo yumo. Na kifungu cha 4 kinasema wazi kwamba upangaji wa namna hiyo hauvunjwi, wala masharti yake hayabadilishwi, kwa njia nyingine yoyote isipokuwa ile iliyowekwa na sheria yenyewe, hata kama mkataba unasema vingine.

Sasa tukione chumba chenyewe. Ni futi kumi kwa kumi, pazia la maua limekigawa katikati. Mbele kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia na kamba yenye sare za shule zilizotundikwa. Nyuma kuna kitanda, mtungi wa gesi na jerikeni za maji. Ujumbe unaingia kwenye simu tarehe ishirini na tano: “Mama Brayo, mwezi ukiisha nipatie nyumba yangu. Kijana wangu anaoa.” Naye, kwa heshima ya kawaida ya mtu anayemjua mwenye nyumba wake kwa miaka, anajibu: “Sawa baba, nivumilie kidogo nitafute pengine.”

Kama chumba hicho ni duka kwa maana ya Sura ya 301, ujumbe ule haujavunja chochote. Notisi inatakiwa iwe katika fomu iliyowekwa, itaje sababu, na isianze kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Kuhusu utaratibu huu mahakama za Kenya hazina mchezo. Katika shauri la duka moja la Diani, Rufaa ya Madai namba 203 ya 1994, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba njia iliyowekwa na sheria hii haina budi kufuatwa. Hata fomu ikijazwa sawasawa, sababu inabidi iwe mojawapo ya zile za kifungu cha 7: kodi isiyolipwa kwa miezi miwili au kucheleweshwa kila mara, mpangaji kuharibu au kukataa kutengeneza alichopaswa kutengeneza, kuvunja masharti mengine kwa kiasi kikubwa, mwenye nyumba kutaka kubomoa na kujenga upya, na kadhalika. Ipo pia sababu ya mwenye nyumba kutaka mahali pale kwa biashara yake au makazi yake, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Lakini sheria inasema mwenye nyumba mwenyewe. Kijana anayeoa si mwenye nyumba mwenyewe. Na kama mwenye nyumba aliinunua nyumba hiyo juzi, ikiwa na wapangaji wa kulindwa ndani, basi kwa miaka mitano sababu hiyo hana ruhusa ya kuitumia kabisa.

Lile “sawa baba” nalo lina hatari yake, maana wakili wa upande wa pili atalileta barazani kama ushahidi kwamba Mama Brayo alikubali kuhama. Nisingemlaumu mtu kwa adabu. Ningemshauri tu adabu hiyo iandikwe kwa namna nyingine: nimepokea ujumbe wako, nitakujibu.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na ndipo kesi nyingi za aina hii zinaposhindwa au kushinda. Sheria imesema kwa ukamilifu au kwa sehemu kubwa. Sehemu kubwa ya nini? Ukipima kwa futi, pazia liko katikati na kitanda kinaweza kuwa kimechukua zaidi. Ukipima kwa saa, fundi hushona tangu alfajiri mpaka usiku na hulala saa chache. Ukipima kwa riziki, kila kinacholiwa nyuma ya pazia kimetoka mbele ya pazia. Sheria haikutoa kipimo, na kila upande utachagua kinachoufaa.

Majaji wa Uingereza walilisumbukia swali hili mapema, na kwa kuwa Sura ya 301 ina undugu wa wazi na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya Uingereza ya mwaka 1954, mawakili wa Nairobi bado huwasoma. Mwaka 1949, katika kesi ya Wolfe v Hogan, mpangaji wa London alikuwa amechukua chumba cha kuuzia vitu vikuukuu, kisha wakati wa vita akawa analala humo humo. Denning, ambaye baadaye angekuwa jaji maarufu kuliko wote wa karne hiyo kwao, alieleza hivi kwa maana yake: kwanza tazama chumba kilipangishwa kwa kazi gani. Kama wahusika walikubaliana duka, ni duka, na mpangaji kuhamishia kitanda humo hakukigeuzi kuwa nyumba, isipokuwa mwenye nyumba awe ameyakubali mabadiliko hayo. Kujua peke yake hakutoshi. Mpangaji yule akapoteza chumba, kwa sababu enzi hizo aliyelindwa zaidi Uingereza alikuwa mpangaji wa makazi.

Mwaka 1978 mahakama ya rufaa ya Uingereza, Denning akiwa kiongozi wake, iliamua kesi mbili pamoja. Mhasibu mmoja aliyekaa Knightsbridge alikuwa ameweka humo meza kubwa, taipureta, simu na karatasi zenye anwani ya kampuni, na wageni wa biashara wakiingia na kutoka. Akahesabiwa mpangaji wa biashara ingawa alilala palepale. Daktari mmoja mwenye chumba cha kazi Harley Street alimwona mgonjwa nyumbani kwa nadra, ikitokea dharura. Huyo akabaki mpangaji wa makazi. Kilichowatenganisha ni uzito wa kazi iliyofanyika: kwa mhasibu biashara ilikuwa shabaha ya kukaa pale, kwa daktari ilikuwa jambo lililojitokeza tu. Tusisahau kwamba kipimo cha Waingereza ni chepesi kuliko chetu. Sheria yao inaridhika mpangaji akitumia mahali kwa biashara pamoja na mambo mengine. Yetu inataka biashara iwe ndiyo kubwa. Na mwaka 2015 wao wenyewe walirudi nyuma hatua moja, wakatoa katika sheria ya biashara zile nyumba ambazo mtu amepangishiwa kuishi na akaruhusiwa kufanya shughuli ndogo ya nyumbani.

Wajerumani wamefika mahali tofauti kabisa. Tarehe 9 Julai 2014 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi ya wapangaji wa Berlin walioendesha ghorofa ya chini huduma ya tiba kwa hipnosi na kuishi katika sehemu iliyobaki. Mwenye nyumba aliwapa notisi bila kutaja sababu, jambo linaloruhusiwa kwa majengo ya biashara Ujerumani lakini si kwa makazi. Mahakama ikasema kwamba mtu kupata riziki yake humo hakuufanyi mkataba kuwa wa biashara. Likafa wazo la zamani kwamba panapotoka chakula ndipo penye uzito. Tazama mkataba wote, mazingira yote, na ikishindikana kuona kilicho kikubwa, hesabu ni nyumba. Sababu waliyoitoa ni ya busara: la sivyo ulinzi wa makazi ungeweza kukwepwa kwa kumruhusu mpangaji aweke meza ya kazi.

Ningependa kuishangilia hukumu hiyo, lakini kuileta Kenya bila kuifikiri kungekuwa balaa. Kwao, kuitwa makazi ni kupanda daraja. Kwetu, kwa yeyote anayelipa zaidi ya 2,500, kuitwa makazi ni kushuka hadi notisi ya mwezi mmoja. Kanuni ya “penye shaka, iwe nyumba” ingemwondolea fundi wetu kinga ya miezi miwili, sababu ya lazima na baraza, ikampa heshima ya kuwa na makazi yasiyolindwa na chochote. Lengo la Wajerumani ndilo la kuiga: penye shaka, mpe anayeishi humo ulinzi ulio mkubwa zaidi. Katika Kenya ya leo ulinzi huo uko katika Sura ya 301, na maneno ya utangulizi wa sheria hiyo yanaruhusu kuisoma hivyo, maana yanataja kulinda wapangaji dhidi ya kufukuzwa na kunyonywa.

Mamlaka ya baraza si jambo la kupuuza. Tangu kesi ya meli Lillian S mwaka 1989, kila wakili wa Kenya anajua kwamba chombo kisicho na mamlaka kinapaswa kuweka zana zake chini mara kinapogundua hivyo. Mama Brayo akienda Baraza la Kodi ya Majengo ya Biashara na likaona chumba ni cha kulala zaidi, anatolewa mlangoni bila kusikilizwa malalamiko yake. Akienda la makazi, litamuuliza kodi, naye atataja 9,000, na mambo yataishia hapo. Wakati anatafuta mlango wa tatu, kufuli limekwisha badilishwa, au mlango wenyewe umeng’olewa, maana hiyo ndiyo njia ya mkato inayopendwa na wenye nyumba wasiotaka karatasi. Muswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuzikusanya sheria hizi ziwe moja. Sikupendezwa na kila kifungu chake, lakini kwa wapangaji wa pazia katikati, mlango mmoja tu ungekuwa nafuu kubwa kuliko marekebisho mengine yote.

Wenye nyumba wenye mawakili wazuri wanaujua vizuri mpaka huu kati ya duka na nyumba, na huucheza. Njia moja ni risiti mbili: chumba cha mbele kodi yake, cha nyuma kodi yake. Mpangaji huona ni hesabu tu, hata hufurahi kwamba imepangika. Kumbe upangaji umekuwa miwili, na wa nyuma unaweza kukatwa kwa notisi ya mwezi huku wa mbele ukibaki. Muuza duka asiye na pa kulala hukaa muda gani? Njia nyingine ni mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, usio na kipengele cha kuuvunja katikati, ambao unauweka upangaji nje ya Sura ya 301. Huo utaukuta zaidi katika majengo makubwa kuliko Kayole. Tatu ni kuuita mkataba leseni ya kutumia nafasi. Hapo jina halina nguvu sana, kwani mahakama hutazama kama mtu ana ufunguo na mahali ni pake peke yake.

Neno moja kwa waliopanga nyumba au vibanda vya serikali na kaunti: Sura ya 301 haiwahusu. Upangaji wowote ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mhusika uliondolewa humo tangu mwanzo, hata kama umeuza sukari hapo kwa miaka thelathini.

Kwa waliobaki, kesi itaamuliwa na vitu vidogo vilivyokusanywa kabla ya ugomvi. Leseni ya biashara ya kaunti yenye namba ya plot ile ile ina nguvu kuliko mashahidi watano. Namba ya Lipa na M-Pesa inayoonyesha wateja wakilipa kila siku inajibu swali la sehemu kubwa vizuri zaidi kuliko futi za chumba. Picha ya bango la nje, yenye tarehe. Ujumbe wowote ambao mwenye nyumba ameandika “kodi ya duka”, hata mmoja, utunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu unathibitisha kile ambacho Denning alikitaka: si kwamba alijua tu, bali alikubali. Kodi iwe moja na risiti iwe moja. Nikiri hata hivyo kwamba bango lina makali pande zote mbili. Aliyepangishwa chumba cha kulala kwa mkataba unaokataza biashara, kisha akafungua saluni kimyakimya, anaweza kuwa amempa mwenye nyumba sababu ya kuvunja masharti. Na matumizi ya jengo kinyume na mpango wa eneo yana kesi yake kwa kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Biashara inayolinda ni ile ambayo mwenye nyumba aliipokea kodi yake macho yakiwa wazi.

Notisi halali ikifika, kuna mambo mawili ya kufanya na watu huyachanganya. Ndani ya mwezi mmoja, mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi kwamba hukubali. Kisha, kabla ya tarehe ya notisi kuanza kazi, peleka shauri barazani. Ukilipeleka kwa wakati, notisi inasimama mpaka baraza liamue. Barua kali kwa mwenye nyumba bila shauri barazani haizuii kitu, na tarehe ikipita notisi inashika. Dalali naye, akija kukamata mali kwa ajili ya kodi katika upangaji unaolindwa, aulizwe idhini ya baraza iko wapi. Na hata siku ambayo deni limekuwa hukumu ya mahakama, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai hakiruhusu kukamatwa kwa matandiko na vyombo vya kupikia vya lazima, wala zana ambazo mdaiwa hawezi kufanya kazi yake bila hizo.

Wapo ambao hoja yangu haiwafikii. Anayekaanga mandazi chumbani usiku na kuyauza kituo cha matatu alfajiri hana duka pale, kwani biashara yenyewe iko barabarani. Kijana anayeandika au kuchora kwa kompyuta kwa wateja wa nje ya nchi anatoa huduma kwa fedha, ndiyo, lakini hakuna baraza litakalokiona chumba chenye kitanda na kompyuta ndogo kuwa duka kwa sehemu kubwa. Idadi yao inaongezeka, na wanabaki na mwezi wao mmoja.

Na kuna yule ambaye biashara imemfia. Wateja wamehama, bango limeshushwa, leseni haikuhuishwa, na chumba kizima sasa ni cha kulala. Kwa jinsi ninavyoisoma sheria, kinachopimwa ni matumizi ya mahali, na matumizi yakigeuka kinga inaweza kugeuka nayo, katika mwezi ule ule ambao kodi imeanza kumshinda. Wakili makini atamwambia asiharakishe kumtangazia mwenye nyumba kwamba amefunga, na akate leseni ya mwaka huu akiwa bado anajaribu.